Mjukuu wangu anajua kusoma?

Mkutano wa wazazi ulikuwa umefika kwenye mengineyo. Tulikuwa tumekaa kwenye madawati ya watoto wetu, magoti yakigonga mbao, katika chumba ambacho asubuhi hutumiwa na mkondo mmoja na mchana hupokea mwingine. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kusoma taarifa ya taaluma, mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa amekwisha kueleza habari ya uji na ya malipo ya mlinzi, na baadhi yetu tulikuwa tumeanza kutazama saa. Ndipo bibi mmoja aliyekaa nyuma, karibu na mlango, alipoinua mkono.

"Mwalimu, mimi swali langu ni dogo. Mjukuu wangu yuko darasa la nne. Anajua kusoma?"

Mwalimu mkuu alimshukuru kwa heshima, akarudia yale aliyoyasema mwanzo: kwamba ufaulu wa shule umepanda ukilinganishwa na mwaka uliopita, kwamba walimu wanajitahidi, na kwamba upimaji wa darasa la nne umewekewa mkakati. Bibi alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Hayo nimeyasikia, mwanangu. Mimi nimeuliza huyu wa kwangu."

Akaambiwa amwone mwalimu wa darasa. Mkutano ukafungwa kwa dua, watu wakatawanyika, wengine wakiwahi vibanda vyao sokoni na wengine wakiwahi daladala.

Swali lile limekaa nami kwa wiki nyingi sasa. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba katika chumba kilichojaa wazazi, mwalimu mkuu, wajumbe wa kamati na mwakilishi wa serikali ya mtaa, hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kulijibu, na wala hapakuwa na aliyeshangaa kwamba halijibiki.

Tunachoitiwa shuleni

Nimehudhuria mikutano ya shule hii ya mtaani kwetu, upande wa Mbagala jijini Dar es Salaam, tangu mwanangu alipoandikishwa darasa la awali. Mpangilio wake haubadiliki. Kikao hufunguliwa, taarifa ya taaluma husomwa, utoro na nidhamu hutajwa, kisha tunaingia kwenye michango, na hapo ndipo muda wote unapokwisha. Waliohudhuria ni akina mama na mabibi. Sisi wanaume huwa wachache, na tukifika tunakaa karibu na mlango tukiwa tayari kutoka. Ni lazima niseme pia kwamba kuhudhuria kuna gharama yake. Mama anayeuza samaki wa kukaanga akifunga meza asubuhi moja, mauzo ya siku hiyo hayarudi.

Nje ya mikutano, mzazi mmoja mmoja huitwa kwa mambo mawili. Huitwa mtoto anapofanya kosa, na huitwa anapodaiwa. Mzazi akimwona mtoto amerudi na karatasi iliyokunjwa, moyo humpiga kabla hajaifungua, kwa sababu anajua ni moja kati ya hayo. Katika miaka yote hii sijawahi kumsikia jirani akisema kwamba ameitwa aelezwe mtoto wake amefika wapi katika kugawanya, au kwamba anasoma vizuri lakini haandiki sentensi kamili.

Ripoti ya muhula ipo, na tunaipokea. Ina alama za kila somo, wastani, nafasi darasani na maoni ya mwalimu wa darasa, ambayo mara nyingi ni neno moja: "Aongeze bidii." Mjukuu wa bibi yule huleta ripoti hiyo hiyo. Bibi hasomi. Na hata angesoma, asingeona humo jibu la alichouliza.

Shilingi 31

Kabla ya kuendelea, ni haki niseme shule inaendeshwa kwa kiasi gani, maana bila hesabu hiyo ni rahisi kumtupia mwalimu mkuu lawama zisizo zake.

Wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule MMEM ulioanza mwaka 2002, ruzuku ya uendeshaji iliwekwa kuwa dola 10 za Marekani kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikuwa karibu Sh 10,000. Serikali ilipotangaza elimumsingi bila malipo, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulioanza kutumika Januari 2016, kiwango kilikuwa kile kile cha Sh 10,000, ingawa thamani ya shilingi haikuwa ile ile. Katika hizo, Sh 4,000 zilitengwa kwa ajili ya kununua vitabu, na Sh 6,000 ndizo zilizopelekwa shuleni.

Mwaka wa masomo una siku 194. Ukizigawa hizo Sh 6,000 kwa siku hizo, unapata karibu Sh 31 kwa mtoto kwa siku moja ya shule. Ndani ya shilingi hizo 31 mna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa kitasa na dirisha, mpira wa michezo, dawa ya kusafishia vyoo na nauli ya mwalimu mkuu kwenda kupeleka taarifa halmashauri. Mishahara ya walimu hulipwa na Serikali moja kwa moja, na madarasa mapya yamejengwa kwa fedha nyingine; mwaka 2021 tuliona fedha za UVIKO-19, na baadaye mradi wa BOOST wa kuboresha shule za msingi. Sipuuzi hata kidogo majengo hayo. Hata hivyo maisha ya kila siku ya shule huendeshwa na zile ndogo ndogo, na mwalimu mkuu anayesimama mbele ya wazazi akizungumzia michango kwa saa nzima hafanyi hivyo kwa sababu anapenda kuzungumzia pesa.

Nililijua hili tangu zamani. Jambo ambalo sikuwa nimeliona ni namna lilivyokula muda wa jambo lingine.

Miaka ambayo hatukuitwa

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi MMEM ilipoanza. Ada ilikuwa imefutwa, lakini wazazi waliitwa kusomba mchanga, kufyatua matofali na kuchimba msingi. Marehemu baba yangu alichimba msingi wa darasa ambalo nililisomea. Sitaki kuipamba kazi ile, kwa maana wapo waliolazimishwa na wapo waliotozwa faini kwa kutofika. Hata hivyo baba alikuwa akimjua mwalimu wangu kwa jina, na mwalimu alikuwa akimjua baba, kwa sababu walikuwa wameshika sepeto pamoja.

Baadaye michango ilizidi. Kila mtu aliyesoma miaka ile anakumbuka mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa mtihani, wa dawati au wa mlinzi. Kwa hiyo waraka wa mwaka 2015 ulipotoka, nilifurahi, na hata leo nauunga mkono bila kusita. Uandikishaji wa darasa la kwanza mwaka 2016 ulifurika, na watoto ambao wangebaki nyumbani wakaingia darasani. Halafu, Januari 2018, Rais Magufuli akapiga marufuku michango yote shuleni, na ikaelekezwa kwamba mzazi anayetaka kuchangia apeleke mchango wake kwa mkurugenzi wa halmashauri, wala si kwa mwalimu.

Agizo lile liliwalinda watoto wa maskini. Liliwalinda kweli.

Hata hivyo, katika shule yetu, kilichofuata baada ya hapo ni ukimya. Walimu waliogopa kuitisha mkutano wowote, wasije wakadhaniwa wanatafuta pesa. Wazazi nasi tukaelewa kwamba kazi yetu imepunguzwa: kununua sare, madaftari na kalamu, kumpa mtoto chakula na matibabu, mengine tuiachie Serikali. Nimesikia kwa masikio yangu mwanamume mwenzangu akimwambia mwalimu aliyelalamikia utoro wa mwanawe, "Si mmesema elimu ni bure? Basi fundisheni." Mwalimu hakumjibu. Miaka kadhaa ilipita hivyo, na mikutano iliporejea, ilirejea pamoja na uji, mlinzi na mitihani ya majaribio.

Nadhani hapo ndipo tulipoharibikiwa. Uhusiano wetu na shule ulikuwa umefungwa kwenye michango kiasi kwamba ilipoondolewa, hatukubakiwa na kitu kingine cha kutukutanisha, na hakuna aliyekaa kufikiri tukutane kwa ajili gani.

Basi la njano

Jirani yangu wa ukuta mmoja alimhamisha binti yake mwaka juzi. Sasa kila alfajiri, kabla adhana ya pili haijasomwa, basi la njano huja mpaka kwenye kona ya barabara ya vumbi na kumpeleka mtoto kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza. Ada yake inamwelemea. Mumewe ameongeza safari za usiku za bodaboda, na wameuza kiwanja walichokuwa wamekinunua Vikindu.

Nilimuuliza kwa nini. Nilitarajia ataniambia habari ya Kiingereza, maana mtaani watu wengi huzungumza kama kwamba Kiingereza ndiyo elimu yenyewe. Akanionyesha dayari ya mtoto. Kila jioni mwalimu huandika humo mistari miwili: leo tumefanya hiki, hiki hakijamkaa vizuri, mzazi tafadhali msaidie, kisha mzazi hutia saini na kuirudisha asubuhi. "Kule nilikuwa sijui chochote, baba," aliniambia. "Huku nikiuliza, najibiwa."

Maneno yake yalinirudisha kwenye swali la mkutanoni. Familia ile imeuza kiwanja ili ipate kujibiwa swali ambalo bibi yule aliuliza bure. Sisemi kwamba shule zote za kulipia hujibu. Ninazifahamu ambazo hutoza ada kubwa na kumkaririsha mtoto nyimbo tu. Ila nilielewa kwa nini mtu hulipa.

Nami nilifikiri kumhamisha wangu. Mimi na mama yake tulikaa usiku kadhaa na kalamu na karatasi. Hatukumhamisha, kwa sababu mbili. Kwanza, fedha hazikutosha bila kumwacha mdogo wake nyuma. Pili, nilitazama orodha ya wazazi waliokuwa wakizungumza mikutanoni nilipoanza kuhudhuria, wale waliokuwa wakiuliza taarifa ya mapato na matumizi mpaka isomwe. Karibu wote wameondoka na mabasi ya njano. Kila anayeondoka ana haki yake, na siwezi kumlaumu mzazi kwa kumtafutia mwanawe nafuu. Lakini shule waliyoiacha imebaki na watoto wale wale wengi, na wa kuwasemea wamepungua.

Walio mbele

Baada ya kusitasita nilikwenda kumwona mwalimu wa darasa la mwanangu, ambaye ndiye pia mwalimu wa mjukuu wa bibi yule. Nilimkuta baada ya kipindi cha mwisho, akiwa amezungukwa na mirundo ya madaftari. Nilimwambia kwamba sikuja kwa ugomvi wala kwa ajili ya mwanangu peke yake. Nilitaka kujua kama swali la bibi lina jibu.

Aliniomba niketi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo hakulazimika kulisema.

"Walio mbele ninawajua, baba. Walio nyuma ninawajua majina."

Darasa lake lina watoto zaidi ya 120. Kiwango cha Serikali ni watoto 45 kwa darasa moja. Akitoa zoezi la hesabu lenye maswali matano, ana majibu zaidi ya 600 ya kusahihisha, na hilo ni somo moja la siku moja. Wanaokaa mbele ni wale wanaowahi kufika, au wanaosukumana kwa nguvu zaidi, au wenye mzazi aliyeomba. Walio nyuma husikia nusu ya anachosema. Alipoona nimenyamaza, akachukua daftari moja kutoka kwenye rundo na kunifungulia. Mwandiko ulikuwa mzuri ajabu, herufi zimesimama kwenye mistari, vichwa vya habari vimepigwa mstari kwa rula. "Huyu hajui kusoma," akasema. "Ananakili ubaoni kama anayechora."

Alinieleza kwamba mtoto asiyejua kusoma hujifunza kwanza kujificha. Darasa likisoma kwa pamoja, midomo yake inakwenda na ya wenzake. Maswali ya kuchagua akiyapata, hutia herufi yoyote, na mara nyingine anapatia. Akiitwa mbele, anasema kichwa kinamuuma. Sehemu ya kujificha huko ni hofu ya fimbo. Kanuni za nchi zinasema adhabu ya viboko itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Lakini sote tunajua kwamba katika madarasa mengi fimbo hukaa mezani pamoja na chaki, na mtoto aliyekosa jibu huiona kabla ya kuuona msaada. Mwalimu huyu aliniambia ameiacha, kwa sababu aligundua kwamba walioacha kuinua mikono ni wale aliowapiga.

Nilimuuliza kuhusu masomo ya ziada ya jioni, yale ambayo watoto hulipia Sh 500. Hapo uso wake ulibadilika, na kwa muda nilidhani mazungumzo yamekwisha. Alisema jioni huwa na watoto 20 hivi, na kwamba hao 20 anawafundisha vizuri, mmoja mmoja, kama alivyofundishwa chuoni. Alisema pia kwamba anajua wanaokuja jioni si wale wanaohitaji zaidi.

Sikujua niseme nini, na mpaka leo nina mawazo mawili juu yake. Ni vibaya kwamba mtoto apate mwalimu kamili kwa kulipia jioni kile alichostahili kukipata asubuhi. Ni kweli vilevile kwamba mwanamke yule, anayelea watoto wake kwa mshahara wake mmoja, hakulitengeneza darasa la watoto 120. Ninayaona yote mawili ni kweli, na sijaweza kuliacha moja ili nipate nafuu.

Kuhusu ufaulu uliotajwa mkutanoni, alikuwa na neno moja zaidi. Takwimu ya ufaulu ni ya shule nzima. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na kumi za mwisho mwaka 2023, na ninaona lilifanya vema, lakini ndani ya kata na halmashauri mashindano hayajaisha. Mwalimu mkuu bado huulizwa asilimia yake. Asilimia inaweza kupanda kwa kuwaendeleza walio mbele tu. Nchi hii imewahi kuwapeleka kidato cha kwanza watoto waliofaulu mtihani wa darasa la saba na hawakuwa wakijua kusoma na kuandika, jambo lililobainika walipokwisha kuvaa sare za sekondari.

Aya moja

Wazo lililofuata halikuwa langu peke yangu. Lilitoka kwenye mazungumzo na mwalimu, na kwa sehemu lilitoka kwenye kazi ambayo Uwezo, watafiti wanaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, waliifanya nchini kwa miaka, wakipita nyumba kwa nyumba na kuwapa watoto maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, kisha kumwambia mzazi hapo hapo walichokiona. Tafiti zao zilionyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma hadithi ile. Nilikumbuka zaidi jinsi walivyofanya kuliko takwimu zao: mtoto mmoja, karatasi moja, mzazi akiwa amesimama pembeni anasikia.

Tulikubaliana kwamba wazazi wa darasa hilo waitwe alasiri moja, na kwamba barua iseme wazi kuwa hakuna mchango utakaoombwa. Mwalimu mkuu aliruhusu, kwa sharti kwamba isiwe mtihani na wala pasitolewe nafasi ya kwanza mpaka ya mwisho. Kila mtoto angesoma aya moja kutoka kitabu cha darasa la pili, mbele ya mwalimu na mzazi wake tu, chini ya mwarobaini ulio nyuma ya ofisi, mbali na wenzake.

Nilikuwa na mashaka mengi. Niliogopa kwamba mtoto atakayeshindwa atakwenda kupigwa nyumbani. Niliogopa kwamba tunamwongezea kazi mwalimu ambaye tayari ana kazi kupita kiasi. Na niliwafikiria wazazi wasiosoma, ambao tulikuwa tunawaita kusimama mbele ya karatasi.

Baba mmoja, fundi seremala, alinivuta pembeni kabla ya zamu yake. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe karatasi hiyo hawezi kuisoma, na akauliza kama bado inamhusu. Mwalimu alimsikia. Akamwambia, "Wewe msikilize tu. Akisita, utasikia." Na kweli alisikia.

Mambo mawili ya alasiri ile sikuyatarajia. La kwanza ni kwamba baadhi ya walio mbele nao walikwama. Mwalimu alikuwa amewahesabu kuwa wasomaji, na nilimwona akiandika majina yao taratibu, akirudia kumwangalia mtoto na kuangalia daftari lake. La pili ni la nyumbani kwangu. Mwanangu aliisoma aya mbio, bila kosa, nami nikaanza kutabasamu. Mwalimu akamuuliza ni nani katika aya ile aliyekwenda kisimani. Akarudia sentensi nzima kama ilivyoandikwa. Akaulizwa kwa maneno mengine, akairudia tena. Alikuwa akijua kutamka kila neno, na hakuwa amepewa sababu ya kufikiri kwamba maneno yale yanaeleza jambo. Ripoti yake ya Kiswahili ina alama nzuri. Ningeendelea kuitazama ripoti ile kwa furaha mpaka darasa la mwisho.

Mjukuu wa bibi aliweza silabi, na baadhi ya maneno mafupi. Sentensi ilimshinda. Mwalimu alimweleza bibi hivyo, kwa upole na bila kuzunguka. Bibi aliuliza swali la pili, ambalo ni gumu kuliko lile la kwanza: "Sasa nimfanyie nini?"

Hatukuwa tumejiandaa kwa hilo. Mwalimu alipendekeza kijana yeyote wa uani anayesoma sekondari, amsikilize mtoto dakika kumi kila jioni, neno kwa neno, bila kumcheka. Yupo binti wa kidato cha kwanza katika nyumba ile ile ya kupanga, na ameanza. Mwalimu mwenyewe amewahamishia mbele watoto waliokwama zaidi, kwa zamu, na waliokuwa mbele wakarudi nyuma. Wazazi wawili wa waliorudishwa nyuma wamekwisha kulalamika.

Mwaka 2027

Kuna sababu inayonifanya nisiliachie jambo hili likapoa. Watoto wa darasa hili ni wale walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu, Januari 2024. Kwa Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, wao ndio wa kwanza kumaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita, na watamaliza mwaka 2027 pamoja na wale wa mwisho wa darasa la saba. Makundi mawili yatatoka kwa pamoja. Sera imeweka elimu ya lazima kuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, kwa hiyo nia ni kwamba wote waendelee mpaka kidato cha nne, na huko masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza.

Naiona nia hiyo kuwa njema. Mtoto wa miaka 12 au 13 hapaswi kuambiwa kwamba safari yake imeishia hapo. Lakini mtihani wa kumaliza msingi, pamoja na ubaya wake wote, ulikuwa mahali pa mwisho ambapo mtu alilazimika kumtazama mtoto mmoja mmoja na kuuliza amefika wapi. Kama wote watapita, basi anayepita bila kusoma atapita kimya zaidi kuliko zamani, akiwa na mwaka mmoja pungufu wa kugunduliwa, na kwenye madarasa ambayo mwaka huo yatakuwa yamejaa maradufu.

Orodha ya alasiri ile iko kwenye droo ya mwalimu. Majina mengi bado hayana alama, kwa sababu wazazi wao hawakuja. Ninawajua baadhi yao. Mmoja anauza maji barabarani mpaka usiku. Mwingine yuko Kilwa, mtoto amebaki na kaka yake mkubwa. Hao ndio watoto ambao nina wasiwasi nao zaidi, na mpango wowote unaomtegemea mzazi afike shuleni utawaacha hao hao.

Nimeiomba kamati ya shule kwamba katika kikao kijacho hali ya kusoma ya kila darasa iwe ajenda, na ije kabla ya michango, na kwamba mtoto ambaye mzazi wake hakufika asikilizwe na mjumbe wa kamati au na mwalimu mwingine. Mwenyekiti amekubali. Mwalimu mkuu hajakataa, ila ameomba kwanza tuelewane orodha hizo zitatunzwa na nani, na kama zitapelekwa kwa afisa elimu kata. Anahofia kwamba walimu waliosema ukweli kwa hiari yao wataandikiwa barua za kujieleza, huku wale watakaoandika kwamba darasa zima linasoma wakipongezwa. Hofu hiyo ina msingi. Tumepanga kuijadili kabla ya kuitisha darasa la tano, na mpaka sasa hatujapata njia ya kuwalinda walimu hao.